Feni Tatu za Bibi Nukta

Ilikuwa mwaka ule ofisi ya baraza la kazi ilipohamia jengo la ghorofa mbili. Hapana, sivyo. Mwaka wa kuhama, kile chumba cha chini ya ngazi kilikuwa bado kinawekwa mifagio na ndoo, na Bibi Nukta alikuwa angali anakaa juu na wenzake. Ni mwaka uliofuata, basi, mwaka ambao kuta za ngazi zilipakwa rangi na ile rangi ikakataa kukauka, watu wakawa wanapanda wamebana mikono kifuani kama wanaosikia baridi. Naam, ndio huo.

Mwaka huo Fundi Upepo alikuwa na kibanda chake kando ya duka la madaftari. Alitengeneza feni. Za darini, za mezani, za kusimama, zote zilipita mikononi mwake, na mapanga yao yalining'inia kwenye misumari ukutani kama mabawa ya ndege waliokwisha kuchinjwa. Alisifika kwa jambo moja. Ukimletea feni hakuuliza ina nini. Aliiwasha, akaweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini akauegemeza kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akafumba macho. Kisha anakwambia: beringi imekauka, au panga moja limepinda, au hii nzima kabisa, ni dari yako ndiyo inayotikisika. Watu walidhani anatia chumvi, mpaka wanapokwenda nyumbani na kukuta kweli dari inatikisika.

Jumatatu moja mchana akaja shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe. Huyo ndiye Bibi Nukta. Alikuwa mpiga chapa wa baraza. Shauri likisikilizwa, maneno yote yananaswa kwenye kinasa sauti, halafu yeye anavaa visikilizio vyake, anasikiliza na kuchapa. Chini ya meza ana kanyagio kama la cherehani: akikanyaga kwa vidole sauti inakwenda, akikanyaga kwa kisigino inarudi nyuma. Jina lilimpata siku aliyomfuata mwenyekiti wa baraza mpaka kwenye gari lake, ukurasa mkononi, kumuuliza kama pale aliponyamaza alikuwa amemaliza sentensi au alikuwa anavuta pumzi tu. Mwenyekiti alicheka, makarani wakacheka, lakini ukurasa ulikwenda ukiwa sahihi.

Hakukaa kwenye kigoda alichosogezewa.

"Shemeji," alisema, "feni ya kompyuta nayo ni feni?"

"Kila kinachozunguka kikatoa upepo ni feni. Hata mdogo wako akikasirika."

"Nitamwambia."

"Mwambie. Anajijua."

Hakutabasamu, na hapo fundi akaweka koleo chini, kwa sababu Bibi Nukta hakuwa mtu wa kuuacha utani uanguke hivihivi.

Akamweleza. Kuna shauri moja anachapa, na kuna shahidi mmoja ambaye sauti yake ni mnong'ono. Si kwamba anaogopa, ndiyo sauti aliyobaki nayo. Na kompyuta yake, ile iliyowekwa sakafuni karibu na goti lake, inavuma kuliko huyo mtu. Akiongeza sauti kwenye visikilizio, unaongezeka na mkwaruzo wa kinasa. Akipunguza, mvumo wa mashine unaingia pembeni na kumfunika mtu. Kwenye ofisi yao kuna ruhusa: neno lisiposikika, mchapaji anaandika kwenye mabano "haisikiki", anaendelea. Hakuna atakayemlaumu. Mkuu wa masijala mwenyewe amemwambia, andika haisikiki, mama, Ijumaa karatasi ziende kwenye rufaa.

"Sasa si uandike?"

"Yapo mabano kumi na mawili kwenye kurasa tatu, shemeji. Kurasa hizo tatu ndizo utetezi wake wote."

"Aitwe tena aseme."

"Kwenye rufaa hawamwiti mtu. Wanasoma karatasi."

Fundi akajifuta mikono kwa kitambaa. Halafu akasema polepole, "Huyu si yule mlinzi wa ghala, aliyepasuliwa koo…"

"Mimi sijataja mtu."

"Na mimi sijamsikia."

"Ndilo tatizo lenyewe," akasema Bibi Nukta. "Hakuna anayemsikia."

Mtaa mzima ulikuwa unalijua jambo la mlinzi wa ghala. Mabati yalitoka ghalani alfajiri kwenye lori, naye ndiye aliyefungua lango. Hilo hakulikana. Lakini alisema alifungua kwa amri, na aliyeitoa alimtaja barazani, mbele ya kinasa, kwa ile sauti yake ya karatasi inayosuguliwa. Waliokuwa karibu naye siku hiyo walikuwa wajumbe watatu, na waliandika hukumu kana kwamba hakusema kitu. Miaka kumi na tisa langoni, akamwaga unga kwa asubuhi moja.

Kesho yake saa ya chakula, ngazi zikiwa tupu, Fundi Upepo alifika ofisini na mfuko wake wa vifaa. Mlangoni akakutana na mkuu wa masijala, mzee mnene wa taratibu aliyezungumza kama anayesoma tangazo.

"Mashine za ofisi zinafunguliwa na mtaalamu wa ofisi," alisema mkuu. "Fomu imeshapelekwa. Atakuja mwezi ujao."

"Ijumaa ni mwezi huu, mzee," alisema Bibi Nukta.

"Najua Ijumaa ni lini, mama."

"Basi huyu ni shemeji yangu. Kaja kunisalimia."

Mkuu akautazama mfuko, bisibisi mbili zimetokeza vichwa. "Salamu zenyewe zina uzito," akasema. "Mimi nakwenda kula. Sijaona kitu." Na kweli akaenda, ingawa alisimama kidogo pale nje kana kwamba amesahau mahali pa kulia.

Chumba kilikuwa kidogo, dari yake imekatwa mshazari na ngazi, hata fundi alilazimika kuinama kama anayeingia kwenye banda la kuku. Meza, kiti chenye mto, kalenda, glasi ya maji iliyofunikwa kisahani. Na ile kompyuta sakafuni, ikivuma. Fundi mwenyewe aliduwaa. Ilikuwa kama mvua ya kwenye bati ambayo haizidi wala haikatiki. Akamtazama shemeji yake aliyekuwa amekaa humo kila siku, akachapa mashauri ya watu humo, akaona haya kwamba hajawahi hata siku moja kumuuliza kazini kwake kukoje.

"Kwa nini usiitoe nje ya mlango?"

"Waya wa kanyagio mfupi. Halafu nikiitoa nje, jioni nitakuta niko na waya tu."

Fundi akafungua ubavu wa mashine, akapiga magoti, akaweka bisibisi sikioni. Feni zilikuwa tatu. Moja nyuma, ya kutoa joto. Moja katikati, imekalia ubongo wa mashine. Ya tatu imo ndani ya sanduku la umeme, na hilo, alisema, haliguswi, tuliache na amani yake. Akasikiliza ya katikati: ina kelele kiasi. Akasikiliza ya nyuma, na uso wake ukakunjamana kama aliyelamba ndimu.

"Huyu ndiye."

Akaizima mashine, akaitoa ile feni ya nyuma, ndogo kama kisahani cha chai, akabandua karatasi ya mgongoni, akadondosha tone moja la mafuta ya cherehani. Akaizungusha kwa kidole, ikazunguka kimya kama wazo. Akairudisha. Mashine ikawaka, na mvumo ukarudi, umepungua labda robo.

Alikaa sakafuni muda mrefu akiusikiliza. Kisha akafuata nyaya kwa kidole, na hapo akaelewa. Kuna mtu zamani aliwahi kuiunganisha ile feni moja kwa moja na umeme wote, bila kitu cha kuipunguzia mwendo, kwa hiyo ilikuwa inakwenda mbio zake za mwisho asubuhi mpaka jioni, kuwe na joto kusiwe na joto.

"Hii haiumwi tena," alisema. "Hii inakimbizwa."

Sasa fundi wa mapangaboi, zile feni za darini, ukimpa feni inayokimbia sana, kichwa chake kinakwenda mahali pamoja, kwenye kile kitufe cha ukutani cha kupunguza mwendo. Fundi Upepo alikuwa nacho kwenye mfuko. Alikwisha kukitoa. Kisha akasoma maandishi ya mgongoni mwa ile feni ndogo, volti kumi na mbili, akakirudisha taratibu kama mtu aliyetoa mkono kusalimia asiyemjua. Umeme wa ukutani ungeikaanga.

Jumatano alikuja na ujanja mwingine. Alichomoa kitufe cha sauti kwenye redio mbovu, akakifunga kwenye waya wa feni. Redio si unaipunguza sauti kwa kitufe? Akazungusha, na kweli feni ikapungua, ikapungua, Bibi Nukta akaanza kusogea mbele ya kiti. Dakika haikupita, kitufe kikatoa uzi mwembamba wa moshi.

Sauti ya mkuu wa masijala ikaja kutoka ngazini. "Nani anachoma plastiki?"

"Ni ile rangi ya ukutani, mzee," alijibu Bibi Nukta bila kugeuka. "Inakauka."

Fundi alishika tama. Miaka yake yote alizoea feni zisizojali, kubwa, zinazovumilia chochote. Hii ndogo ilikula umeme kidogo, lakini hata kidogo hicho kilikizidi kitufe kilichozaliwa kubeba nyimbo. Alimwambia shemeji yake hivyo, kwa maneno hayohayo. Yeye akasema, "Basi kitafutwe kilichozaliwa kubeba upepo. Imebaki kesho."

Hakumlaumu, wala hakuguna. Alivaa visikilizio vyake akaendelea na kurasa nyingine za shauri, zile zinazosikika, apunguze kazi. Fundi alivyokuwa anakunja nyaya alimtazama miguu: vidole, kisigino, vidole, kisigino. Sentensi moja aliirudisha mara saba. Mara ya saba akafuta neno moja, akaandika lingine, akatikisa kichwa kidogo kama mtu aliyemrudishia mwenziwe kitu chake.

Alasiri hiyo Fundi Upepo alifunga kibanda mapema akaenda kwa muuza vipuri vya kompyuta chakavu, mtu aliyekaa katikati ya vyuma kama kuku juu ya mayai. Akamweleza. Yule akachakura kwenye boksi akatoa kidude bapa chenye vifundo vinne mbele na nyaya nyuma. Kinaitwa kidhibiti cha feni, alisema. Kilikuwa kwenye mashine ya kijana mmoja wa michezo ya kompyuta, aliyekuwa anapenda kuipandishia na kuishushia mashine yake pumzi kama mwenye farasi.

"Kila kifundo feni yake," alisema muuza vipuri. "Lakini usiibane mpaka mwisho. Ikisimama hutaisikia, na mashine ikiiva hutaisikia vilevile."

Alhamisi saa ya chakula walikuwa tena chini ya ngazi. Fundi akaifunga feni ya nyuma kwenye kifundo cha kwanza, ya katikati kwenye cha pili, kidude chenyewe akakiweka juu ya meza kando ya glasi ya maji. Akavifungua vyote mpaka mwisho, kwa sababu feni inataka kuanza kwa nguvu ndipo ipunguzwe. Mvumo ukajaa chumba.

"Wewe chapa kama kawaida," alisema. "Mimi nitashusha polepole, uniambie."

Bibi Nukta akachapa. Alikuwa hodari, ukurasa mmoja na nusu ukaenda kama maji. Fundi akazungusha kifundo cha kwanza, kisha cha pili, nusu kwa nusu. Mvumo ukawa mnong'ono, mnong'ono ukawa pumzi. Halafu kukawa kimya, kimya ambacho chumba kile hakijawahi kukijua, hata ikasikika saa ya mkononi ya fundi. Kufumba na kufumbua Bibi Nukta akainama, akanyakua waya wa umeme ukutani, akauchomoa.

Wakatazamana.

"Imekufa," alisema Bibi Nukta.

"Umeiua wewe, shemeji."

"Ilinyamaza."

"Si ndicho tulichokuwa tunakitafuta?"

Akaketi, waya bado uko mkononi. Tangu alipopewa mashine hiyo aliambiwa na kila mtaalamu aliyepita: siku ikinyamaza, chomoa upesi, isije ikaungua. Mkono ulikwenda wenyewe. Ukurasa mmoja na nusu umepotea, naye ndiye mwenye kumsumbua mwenyekiti kwa pumzi moja. Fundi alikuwa na neno la utani kwenye ncha ya ulimi, zuri kabisa, akalimeza. Bibi Nukta akachomeka waya, akangoja mashine iamke, akaanza upya kutoka mstari wa kwanza.

Fundi akatoa chupa ndogo ya rangi ya kucha.

"Hiyo si ya mdogo wangu?"

"Hajui. Usimwambie na hilo."

Akatia doa jekundu kwenye kila kifundo. Hapa, alimweleza, ndiyo mwisho wa kushuka. Usipite. Na mkono wako uweke ubavuni mwa mashine. Ikiwa na joto la mtu mzima wa afya, endelea. Ikifika joto la glasi ya chai, fungua vifundo, ngoja ipumue, ndipo ushushe tena. Akamfanya aweke kiganja, asikie ule mtetemo mdogo. "Unaona? Mzima. Ila amejifunza adabu."

Kisha akatoka nje, maana maneno ya barazani si ya kila sikio, akasimama ngazini na mkuu wa masijala aliyekuwa amesahau tena mahali pa kulia. Mlango ulikuwa na ufa, nao wakaona alichokuwa anafanya, bila kusikia kitu. Mkono wa kushoto ubavuni mwa mashine. Mguu juu ya kanyagio. Vidole, kisigino. Vidole, kisigino. Mara nyingine alifumba macho. Mara nyingine midomo yake ilitembea, akilijaribu neno kama litakaa kwenye ile pumzi aliyoisikia. Alipohisi joto alifungua vifundo, mvumo ukarudi, naye akakaa wima, mikono magotini, akingoja bila haraka. Halafu akashusha tena.

"Mimi huyu nimemwambia aandike haisikiki," alisema mkuu wa masijala kwa sauti ya chini. "Mwingine angeshukuru."

"Mwingine si huyu," alisema fundi.

Saa ya chakula ikaisha, watu wakaanza kupanda ngazi, na mkuu wa masijala, bila kuulizwa, akasimama chini kabisa na kuwaambia kila mmoja apande taratibu, rangi haijakauka. Ilikuwa imekauka tangu wiki iliyopita.

Bibi Nukta alifungua mlango saa tisa. Macho mekundu, alama ya visikilizio imebaki nyweleni.

"Mangapi?" aliuliza fundi.

"Kumi na moja. La kumi na mbili kakohoa. Nimeandika kwamba kakohoa."

"Na lile la nani alimwamuru?"

"Limo."

"Kamtaja nani?"

"Huko usiende, shemeji. Nimekula kiapo."

Ijumaa karatasi zilikwenda. Miezi ikapita, na siku moja Fundi Upepo, akipeleka feni ya mezani kwa baiskeli, alipita mbele ya ghala akamkuta mlinzi yupo langoni, kofia kichwani, akiwaonyesha madereva kwa mkono waingie upande gani. Fundi alishuka akasimama. Alitaka kusema kitu. Mlinzi akamtazama kama anavyotazamwa mpita njia, akampisha. Fundi akapanda baiskeli yake. Alisema baadaye kwa mkewe kwamba hajawahi kuona mtu aliyesaidiwa kiasi kile na asijue, na mkewe akasema, dada yangu yuko hivyo tangu utotoni, na rangi yangu ya kucha iko wapi.

Hadithi ingeweza kuishia hapo, na wengi wakiisimulia huishia hapo. Lakini feni hushika vumbi, na kila baada ya miezi miwili mitatu fundi alikwenda kuzipuliza. Mara moja alimkuta shemeji yake saa ya chakula, vifundo vimeshushwa mpaka kwenye madoa, anasikiliza. Mbele yake lipo daftari la shule lililochakaa pembe.

"Shauri gani tena hilo?"

"Lilikwisha miaka mitano iliyopita."

Akamgeuzia daftari. Humo aliandika, tangu siku ya kwanza ya kazi yake kwenye mashine hiyo, kila mahali alipolazimika kuandika haisikiki: namba ya shauri, ukurasa, dakika. Arobaini na moja. Hakuna aliyemwagiza. Mwanamke mmoja wa kiwanda cha sabuni. Dereva mmoja. Mpishi wa bweni aliyekuwa analia anaposema. Sasa chumba kikiwa kimya alikuwa anawarudia mmojammoja, saa za chakula, bila kuruka. Ishirini na sita alikwisha kuwasikia. Kila aliyesikika alimchapia ukurasa wake upya, safi, akauandikia namba ya jalada juu, akaupeleka masijala.

Fundi alizipuliza feni zile polepole kuliko siku zote. Hakuwa na neno la utani. Alipomaliza alipanda ngazi mpaka masijala, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamkuta mkuu amekaa nyuma ya meza yake, na mkuu akasimama kumpa mkono, kwa kuwa walikwisha kuwa watu wa kujuana.

"Zile kurasa za shemeji yangu," aliuliza fundi, "za mashauri yaliyokwisha. Unazipokea?"

"Nazipokea kwa mikono miwili," alisema mkuu. "Zina mhuri wangu zote."

"Vizuri, mzee. Halafu ukishazipiga mhuri, anazisoma nani?"